Ohangla bila ngoma: Jina limebaki, mwenye jina yuko wapi?

Ndugu msomaji, kama umewahi kusafiri kwa matatu kutoka Kisumu kuelekea Kisii, bila shaka njia yenyewe unaijua. Unaiacha Ahero na mashamba yake ya mpunga, unavuka mto pale Sondu, kisha barabara inaanza kupanda. Huko Kabondo akina mama wamepanga mafungu ya viazi vitamu kando ya lami, na muda si muda uko Oyugis, mji wa Kasipul, ambako joto la ziwa hukutana na baridi ya milima ya Kisii.

Sasa tuseme siku yenyewe ni Ijumaa jioni na nyuma ya mji kuna matanga. Muziki unasikika kutoka mbali, vumbi la wachezaji linapanda, na ukimwuliza mwendeshaji wa bodaboda ni muziki gani huo, atakujibu bila kusita: ohangla. Basi unamwambia akupeleke.

Ukifika, ingia chini ya hema utazame vizuri. Huenda utamwona kijana mmoja ameketi nyuma ya kinanda cha umeme, mwimbaji ameshika maikrofoni, spika mbili kubwa kama makabati zimesimama huku na huku, na jenereta inanguruma nyuma ya jikoni. Mpiga gita huenda yupo. Lakini ukiitafuta ngoma yenyewe, ile iliyowambwa ngozi na kupigwa kwa mkono wa binadamu, huenda usiione hata moja.

Hapo ndipo kilipo kitendawili chetu cha leo. Kwa maana neno ohangla, kabla halijawa jina la muziki, lilikuwa jina la ngoma. Je, ngoma ikiondoka na jina likabaki, bado tunacheza ohangla, au tunacheza kitu kingine kilichovaa nguo za marehemu?

Usicheke, msomaji. Swali hili linagombanisha watu wazima katika baa za Oyugis, Rongo na Migori, na linagusa tonge la watu wengi. Hebu tulichambue polepole.

NGOMA YA KENGE

Ohangla ya asili ni ngoma ndefu, nyembamba, iliyochongwa kwa mti na kuwambwa ngozi ya kenge, mnyama ambaye Waluo humwita ng'ech. Ngozi ya kenge ni nyembamba na kavu, na sauti yake ni kali, si nzito. Ukiisikia mara moja huwezi kuifananisha na ngoma ya kanisani wala ya shuleni. Pamoja nayo hupangwa ngoma nyingine kadhaa zinazopigwa kwa vijiti, kisha huja njuga, vyuma, filimbi, na orutu, ile fidla ya waya mmoja inayolia kama mtu mwenye siri.

Zamani muziki huu haukuwa wa kila mtu. Ulikuwa wa wakubwa, wa pombe na wa matanga ya wazee waliokula chumvi nyingi, na maneno yake mara nyingine yalikuwa ya kuwafanya watoto wafukuzwe wakalale. Wengi waliolelewa katika nyumba za Kikristo walikatazwa hata kusimama karibu.

Lakini jambo la kukumbuka ni hili: katika ohangla ya asili, ngoma haimfuati mwimbaji kama mtumishi. Ngoma ndiyo mwenye nyumba. Mpiga ngoma humtazama mchezaji mabega na kiuno, akiona amepata moto humwongezea mapigo, akiona amechoka humpumzisha. Mama mzee akiingia uwanjani kwa hatua zake ndogo ndogo, ngoma hushuka ikamngoja. Kijana akirukia katikati, ngoma humchokoza. Ni mazungumzo baina ya mkono na mguu.

Halafu kuna pakruok. Kwa msomaji asiyetoka upande huo, pakruok ni ile desturi ya mtu kuusimamisha muziki, akatoa chochote mfukoni, kisha akajisifu: yeye ni mwana wa nani, shemeji zake wako wapi, mpenzi wake anang'ara namna gani. Akimaliza, muziki hurudi kwa kishindo. Wapigaji stadi hujua kurudi vipi: kwa mtu wa mzaha hurudi kwa mzaha, kwa aliyefiwa hurudi kwa heshima. Desturi hii imo pia katika nyatiti na katika benga, lakini katika ohangla ngoma ndiyo inayompokea msemaji na kumrudisha kwenye kiti chake.

KINANDA KILIINGIAJE?

Tusimlaumu kijana wa kinanda kabla hatujamsikiliza. Hesabu zake ni rahisi, na wewe mwenyewe ungezifanya.

Kundi kamili la ngoma ni watu wengi. Wote wanataka nauli, wote wanataka kula, na mwisho wa usiku wote wanataka kugawana. Kinanda kimoja kina mdundo uliorekodiwa ndani yake, kina besi, kina sauti ya kuiga orutu, na hata kina makofi. Mtu mmoja anafanya kazi ya watano. Kinaingia kwenye buti la gari dogo, na kwenye spika huunganishwa kwa waya mmoja tu. Ngoma sita zinahitaji maikrofoni sita na fundi anayejua kuzipanga.

Isitoshe, ngozi ina adabu zake. Huku Oyugis mvua ya alasiri si mgeni, hasa miezi ya masika, na ngozi ikipata unyevu hulegea ikatoa sauti ya gunia. Lazima ianikwe juani au ioteshwe moto kabla ya kupigwa. Kinanda hakiotwi moto. Kinataka stima au petroli ya jenereta tu.

Kisha kuna studio. Kurekodi ngoma nyingi kwa pamoja kunataka chumba kikubwa, vifaa na muda, na muda wa studio hulipiwa. Kinanda kinaingia kwenye mashine moja kwa moja. Kijana aliyekuwa na wimbo mmoja kichwani na pesa kidogo mkononi angechagua nini?

Na haya si maneno ya kutetea tu. Ukweli ni kwamba mabadiliko yaliinua ohangla kutoka shimoni. Miaka ya 1990 vijana wengi wa mjini waliiona kuwa muziki wa vijijini na wa wazee, wakakimbilia Lingala na rege. Ilipofika miaka ya 2000, watu kama Tony Nyadundo na mwanamke shupavu Lady Maureen waliitoa mashambani wakaiingiza katika vilabu vya Kisumu na Nairobi. Stesheni zinazotangaza kwa Kidholuo kama Ramogi FM ziliipeleka hadi jikoni kwa mama. Leo vijana kama Prince Indah huchanganya ohangla na rumba, na ukumbi hujaa watu wa makabila yote. Bila sauti mpya, pengine tungekuwa tunaandika tanzia, si makala.

Basi kosa liko wapi?

HATA ASILI ILISHABADILIKA

Wapo wanaosema kosa ni kubadilisha ala. Ala ya babu, wanasema, isiguswe. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu ala ya babu iliguswa zamani.

Chukua ngozi ya kenge yenyewe. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977, na anayemwua kenge leo ili awambe ngoma anavunja sheria. Ngoma nyingi unazoziona sasa zimewambwa ngozi ya mbuzi au ya ng'ombe. Sauti imebadilika kidogo, lakini hakuna aliyesema ohangla imekufa.

Chukua nyatiti, ule uzeze wa nyuzi nane ambao mpigaji huupiga akiwa ameketi chini, njuga mguuni na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ya kugongea mti wa uzeze. Zamani nyuzi zake zilikuwa za kano za ng'ombe. Leo ni nailoni, ile ile ya kuvulia samaki. Chukua orutu nayo, ambayo leo hulia kwa waya wa chuma. Wala nyatiti haikugeuka gita kwa kutiwa nailoni, wala orutu haikuacha kulia.

Hata anayepiga amebadilika. Nyatiti ilikuwa ala ya wanaume, na mwanamke hakuruhusiwa kuishika. Lakini karne hii akatokea msichana kutoka Japani, Eriko Mukoyama, akajifunza Siaya na kupewa jina la Anyango, na dunia ikamsikia akipiga nyatiti. Kama mila ingekuwa ya chuma, ingevunjika siku hiyo. Lakini haikuvunjika.

Kwa hivyo ngozi si tatizo, uzi si tatizo, na hata mkono wa mgeni si tatizo. Tatizo ni la namna nyingine, na ili tulione vizuri hatuna budi kutazama majirani.

MTOTO ALIYEPEWA JINA LAKE

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia gita lilienea kwa kasi hadi vijijini Nyanza, na wengine waliolibeba walikuwa askari waliokuwa wakirudi nyumbani. Vijana walilichukua na kulipiga kama walivyosikia nyatiti ikipigwa: uzi mmoja mmoja, haraka haraka, sauti ya gita ikimjibu mwimbaji, na besi ikiruka chini kama mguu wenye njuga. Huko ndiko ilikozaliwa benga. Mmoja wa mababa wake, Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, alizaliwa mwaka wa 1940 upande wa Tanzania, hapo tu ng'ambo ya mpaka wa Migori, na aliendelea kuimba hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwaka wa 2006.

Sasa angalia jambo moja, msomaji. Muziki ule mpya haukuitwa nyatiti. Uliitwa benga. Mtoto alifanana na mama yake macho na pua, lakini alipewa jina lake mwenyewe. Kwa sababu hiyo mama naye alibaki na jina lake. Ukisema nyatiti leo, kila mtu anajua unazungumzia uzeze wa nyuzi nane, si gita. Ayub Ogada, aliyefariki mwaka wa 2019, aliweza kuibeba nyatiti hadi Ulaya, na wimbo wake ukaingia katika filamu ya mwaka wa 2005, The Constant Gardener, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa bado kipo na kilikuwa bado kinaitwa kwa jina lake.

Twende pwani. Taarab ya Unguja ina chama kama Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka wa 1905, na ala zake ni udi, kanuni, fidla na ngoma ndogo. Miaka ya 1990 kinanda cha umeme kilipofurika na vikundi vya Dar es Salaam kama Muungano na TOT vikaanza kupigana vijembe, watu walilalamika sana kwamba taarab imekwisha. Haikwisha. Wenyewe walitengeneza majina mawili: taarab asilia, na taarab ya kisasa. Anayetaka kucheza akiwa amesimama anajua aende wapi, na anayetaka kuketi asikilize udi anajua aende wapi. Hakuna anayemwuzia mwenzake mbuzi kwenye gunia.

Sasa tuvuke bahari, kwa maana hata wazungu jambo hili limewakata. Huko Marekani kuna vikosi vya vijana vinavyoandamana uwanjani vikipiga ngoma na tarumbeta. Vingi vilianzishwa na askari wastaafu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na fahari yao ilikuwa tarumbeta za kijeshi na ngoma, basi. Hapakuwa na filimbi wala saksafoni, kwa kuwa hizo zilikuwa za bendi za shule. Tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa utambulisho wao.

Chama kinachosimamia mashindano yao, Drum Corps International, kilichoanza mwaka wa 1972, kimekuwa kikilegeza masharti hatua kwa hatua. Mwaka wa 2000 tarumbeta za sauti yoyote ziliruhusiwa. Mwaka wa 2004 vipaza sauti vikaruhusiwa. Mwaka wa 2009 vinanda vya umeme vikaingia. Mwaka wa 2014 mlango ukafunguliwa kwa kila ala ya shaba ya kupulizwa. Wapenzi wa zamani wanauliza: tofauti yetu na bendi za shule imebaki wapi? Na vikosi hivyo bado hujulikana kwa jina la ngoma na tarumbeta ya kijeshi, ilhali tarumbeta yenyewe ya asili haionekani tena uwanjani.

Je, msomaji, husikii kama wanazungumza habari za Oyugis?

JINA LILILOIBWA

Hapo sasa tumefika kwenye kiini. Gita lilipoizaa benga, nyatiti haikunyang'anywa kitu. Kinanda kilipoizaa taarab ya kisasa, udi haukunyang'anywa kitu. Lakini kinanda kilipoingia katika ohangla, kilichukua jina la ngoma na kuiacha ngoma mlangoni.

Matokeo yake ni ya ajabu. Familia inasema tunataka ohangla, na inaletewa kinanda. Mtoto anasema anapenda ohangla, na hajawahi kuigusa ngozi. Mpiga ngoma akijitokeza na ngoma zake halisi, anaulizwa yeye anapiga muziki gani. Amekuwa mgeni nyumbani kwake. Na kwa kuwa gita, besi na kinanda ni zile zile zinazotumika katika rumba na katika benga, mpaka baina ya muziki mmoja na mwingine unazidi kufutika. Siku moja kitakachotenganisha ohangla na rumba kitakuwa maandishi kwenye bango tu.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani haraka. Mdundo ulio ndani ya kinanda haukutoka mbinguni. Kuna mtu aliyeisikia ngoma halisi, akaukumbuka mdundo wake, akauingiza katika mashine. Yeye alinakili kutoka kwa mwenyewe. Lakini kijana anayekuja baada yake atanakili kutoka kwa kinanda, na wa tatu atanakili kutoka kwa huyo wa pili. Umewahi kuona cheti kilichotolewa nakala ya nakala ya nakala? Mwanzoni herufi zinasomeka. Baadaye muhuri unakuwa doa jeusi, na mwishowe hata jina la mwenye cheti halionekani. Cheti cha asili kikipotea, hakuna pa kurudi.

Na mashine haina macho. Haimwoni mama mzee akiingia uwanjani, wala haishuki ikamngoja. Ni mama mzee ndiye anayelazimika kuikimbilia mashine, na asipoiweza hurudi kuketi. Hebu chunguza katika matanga ya siku hizi ni watu wa umri gani wanaocheza na ni wa umri gani wanaotazama tu. Muziki uliokuwa wa wazee umewaacha wazee wenyewe kwenye viti.

Majirani zetu wa Kakamega wameshaona hatari ya namna hiyo. Isukuti ya Waisukha na Waidakho pia ilipata jina kutoka kwa ngoma zake, kubwa, ya kati na ndogo. Mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni hizi: wengi wa wanaoijua ni wazee na hawana warithi, pesa na vifaa vya kutengenezea ala ni haba, na hadhira mara nyingi huchagua burudani za kisasa badala yake. Soma tena sababu hiyo ya mwisho, msomaji. Haikusema serikali. Haikusema wazungu. Ilisema hadhira, yaani mimi na wewe.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Najua kuna msomaji anayekunja uso sasa hivi. Atasema: lugha hubadilika, mavazi hubadilika, mbona muziki ukatazwe? Atasema kijana wa kinanda naye ana watoto wa kulisha. Atasema kama watu wanataka ngoma wangeilipia, na kama hawailipii basi wameamua.

Kuhusu la kwanza na la pili nakubaliana naye kabisa. Simwombi kijana azime kinanda chake. Muziki wake ni mtamu, unajaza ukumbi, na unalipa karo. Ninachoomba ni jina. Kama anapiga rumba yenye ladha ya ohangla, aseme hivyo. Kama ni ohangla ya kinanda, iitwe ohangla ya kinanda. Hakuna aibu ndani yake, kama vile benga haikuona aibu kutoitwa nyatiti.

Kuhusu la tatu ndipo tunapoachana. Mtu hawezi kusemwa amechagua kati ya viwili ikiwa ameonyeshwa kimoja tu, na hicho kimoja kimepewa majina yote mawili. Anayeagiza ohangla akaletewa kinanda hakuikataa ngoma. Hakuulizwa.

NYUMBA YAKO IFANYE NINI?

Makala ya kulalamika bila dawa ni kama mganga anayetaja ugonjwa kisha akaenda zake. Haya hapa mambo manne ambayo familia yoyote inaweza kuyafanya, iwe Oyugis au Umoja Nairobi.

Kwanza, uliza. Mkikaa kamati ya harusi au ya matanga na mtu akasema ataleta ohangla, mwulize: ina ngoma au haina? Swali hilo moja tu, likiulizwa na familia za kutosha, litawafanya wenye bendi waanze kuwatafuta wapiga ngoma.

Pili, si lazima kundi zima. Kama mfuko ni mwembamba, ombeni wapiga ngoma wawili na mpiga orutu mmoja wakae pamoja na kinanda. Au wape ngoma saa ya kwanza ya jioni, kabla spika hazijawashwa, wakati wazee bado wako macho. Saa hiyo moja mama mzee atainuka, na wajukuu watamwona akicheza. Hilo ni somo ambalo hakuna shule inayolitoa.

Tatu, tumia shule. Tamasha la Muziki la Kenya limekuwapo tangu mwaka wa 1927, na kila mwaka watoto hushindana kwa ngoma za makabila mbalimbali. Lakini mara nyingi mtoto hujifunza mapigo kwa ajili ya kombe, na tamasha likiisha ngoma hufungiwa stoo hadi mwaka ujao. Mzazi, ukienda kwenye mkutano wa wazazi, usiulize habari za hesabu na Kiingereza peke yake. Uliza ngoma ya shule iko wapi na nani anaipiga muhula huu. Na kama kijijini kwenu kuna mzee anayejua, mwalikeni shuleni akiwa bado hai, na mumlipe. Ujuzi wake si wa bure.

Nne, mnunulie mtoto ala. Tunawanunulia simu na mipira. Ngoma ndogo ya ngozi ya mbuzi ni zawadi pia. Itakupigia kelele, kweli, lakini kelele hiyo hatimaye huwa muziki, na kelele ya simu haiwi kitu.

KABLA HUJALIKUNJA GAZETI

Wenyeji wa Oyugis wana bahati ambayo huenda hawaihesabu. Ukienda kilima kimoja utakutana na jirani Mkisii na obokano yake, uzeze mkubwa wenye sauti nzito kama ya fahali. Ukiteremka hadi Migori utamkuta Mkuria na iritungu. Hapo katikati kuna nyatiti, orutu na ohangla. Kila moja ina sauti yake, na ukifumba macho unajua uko kwa nani. Vinanda, kwa upande mwingine, vinatoka viwandani vikiwa na sauti moja, vya Oyugis sawa na vya Osaka.

Ndiyo maana nasema ala ikibadilika si msiba. Msiba ni pale mgeni anapolala kitandani mwa mwenye nyumba, akaitwa kwa jina la mwenye nyumba, na watoto wakakua wakidhani ndiye.

Siku moja mjukuu wako atakuvuta shati chini ya hema kama lile tulilolianzia, muziki ukiwa umepamba moto, akuulize: kwara, yaani babu, ohangla ndiyo ipi hapa? Utanyoosha kidole uoneshe nini? Kama utaonesha spika, basi ngoma tumekwisha kuizika, na wala hatukuifanyia matanga. Lakini kama pembeni atakuwepo mtu mmoja tu ameishika ngoma, anamtazama bibi yako akicheza na kumfuata hatua kwa hatua, utakuwa na jibu. Na mtoto atakuwa na pa kuanzia.